Twende Shelisheli wakati wa tanga mbili

Mpendwa Rehema,

Salaam nyingi shoga yangu, na pole na kazi. Barua yako imenifikia juzi, nikaisoma nimesimama mlangoni, viatu bado miguuni. Miaka yote hii tunaambiana "mwakani, mwakani", na leo unaniandikia kwamba shemeji amepata likizo na fedha ya safari mmekwisha kuitenga. Sikulala mapema usiku ule. Nilifungua ramani ya Shelisheli mezani na mpaka sasa sijaikunja.

Ila meli kubwa uliyoitaja siitaki, na nakwambia kabla hujalipa chochote. Shelisheli ina visiwa 115. Vingi vimetawanyika mbali mno: Aldabra, wanakoishi kobe wakubwa zaidi ya 100,000, iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé, kisiwa kikuu. Hakuna likizo ya kuvimaliza vyote. Nawe hukunambia unataka kuhesabu visiwa. Ulinambia unataka kupumzika. Meli kubwa itakushusha Victoria, mji mkuu, na mamia ya watu, mtapewa saa chache, kisha foleni ya kurudi melini. Mimi nataka visiwa vitano au sita vilivyo jirani, katamarani ndogo, wiki nzima, tulale palepale tulipoogelea.

Katamarani ni chombo cha matanga chenye matumbo mawili yaliyounganishwa kwa sitaha pana. Hakilali ubavu kama mashua ya tumbo moja, na kwa sababu hakizami sana kinaweza kutia nanga karibu na ufuko ambako meli haithubutu. Nahodha na mpishi wanakuwemo.

Sasa nisikilize kuhusu mwezi, maana hapa ndipo nilipoumia. Miaka mitatu iliyopita nilikwenda Agosti. Aliyeniuzia safari alinihakikishia kwamba bahari ya kule imetulia mwaka mzima kama maji ya mtungini. Tulipotoka nyuma ya Mahé kuelekea kisiwa cha Praslin, kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini, ikatupokea. Ni kama kilomita 45 tu, lakini chombo kilipanda na kushuka hata kikombe changu cha chai kikateleza kutoka upande huu wa meza mpaka ule, kikagonga ukingo, kikarudi. Nilikikodolea macho kikombe kile karibu njia nzima, kwa sababu kila nilipotazama mawimbi tumbo lilipanda kooni. Mama mmoja wa makamo, jirani yangu kwenye benchi, alilia kimya kimya tangu tulipoondoka hadi tulipofika. Yule aliyetuuzia safari alijua. Mtu anayeuza safari za baharini asiyejua kusi inavuma lini hajui kazi yake, na anayejua akanyamaza amekosa utu.

Kusi kule inashika Mei hadi Septemba. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, inashika Desemba hadi Machi, na mvua kubwa ya Desemba na Januari juu yake. Katikati ni tanga mbili, majira pepo hizo zinapobadilishana: Aprili, na tena Oktoba kuingia Novemba. Upepo unakuwa hafifu, maji yanatulia, na ukivaa miwani ya kuzamia unaona mbali. Ni kweli kwamba siku nyingine tanga litalegea kabisa na nahodha atawasha injini. Mimi na wewe tutavumilia sauti ya injini. Na mwambie shemeji, aliyeuliza habari za vimbunga, kwamba visiwa tunavyokwenda viko kama digrii 4 tu kusini ya ikweta, na kwa kawaida vimbunga hupita mbali kusini yake.

Kati ya Aprili na Oktoba nimechagua wiki ya mwisho ya Oktoba, kwa ajili ya ng'amba, aina ya kasa. Kasa wengi hupanda ufukweni kutaga usiku. Ng'amba wa Shelisheli hupanda mchana kweupe, na huo ndio msimu wao. Tunaweza kumwona mmoja akichimba mchanga kwa mapezi ya nyuma huku jua linawaka. Tukimkuta, tutakaa mbali na tutanyamaza mpaka amalize.

Njia niliyoichora ni hii. Tunapanda chombo Jumamosi Eden Island, pale Mahé, na usiku wa kwanza tunalala karibu tu, kwenye hifadhi ya bahari ya Sainte Anne, mwili uzoee. Jumapili alfajiri tunavuka kwenda Praslin. Tunatia nanga Anse Lazio, ghuba iliyotazama kaskazini-magharibi. Kesho yake ni Curieuse, iliyo ng'ambo tu. Kisiwa hicho zamani walitengwa wagonjwa wa ukoma, na nyumba ya daktari wao bado imesimama. Unateremka upande wa mikoko, unakuta kobe walioletwa kutoka Aldabra wanatembea huru, kisha unafuata njia ya mbao juu ya matope mpaka upande wa pili. Kobe wale wanapenda kukunwa shingoni. Niliinama kumkuna mmoja, akanyoosha shingo polepole mpaka ikawa ndefu kama mkono wangu, akafumba macho.

Praslin hatuwezi kuondoka bila kuingia Vallée de Mai, bonde la msitu uliohifadhiwa. Huko ndiko inakoota coco de mer, mnazi wenye mbegu kubwa kuliko zote duniani. Kwa asili yake huota Praslin na Curieuse tu. Kabla mabaharia hawajavijua visiwa hivi, waliyaokota makoko yake matupu yakielea baharini, wakaamini mti wenyewe umeota chini ya bahari. Mti dume na mti jike ni mbalimbali, na tunda huchukua miaka sita au saba kukomaa. Ukitaka kununua nazi yake, hakikisha inatoka na kibali rasmi, la sivyo itakamatwa uwanja wa ndege.

Kisiwa cha La Digue nimekipa usiku mbili, na hapo usinipunguzie. Magari ni machache, watu wanaendesha baiskeli. Ufuko wa Anse Source d'Argent tutakwenda maji yakijaa, maana yakipwa yanabaki ya magotini. Mawe yake makubwa ni granaiti, mabaki ya bara la kale la Gondwana. Visiwa vingi vya katikati ya bahari ni vya volkano au matumbawe, lakini hivi ni granaiti. Nililala juu ya jiwe moja jioni, likiwa bado lina joto la mchana, mgongo wote ukalegea. Nilikukumbuka wewe na mgongo wako.

Kisiwa cha Cousin lazima kiwe siku ya kazi, asubuhi, ndipo wanapopokea wageni, nimekiweka Alhamisi. Chombo chetu hakitaruhusiwa kusogea. Walinzi wa kisiwa watatuchukua kwa boti zao wenyewe, ili panya asiingie kisiwani, na boti hizo hupanda mchangani kwa kasi, kwa hiyo shika vizuri. Kisiwa hiki kilikuwa shamba la minazi. Katika miaka ya 1960 kulikuwa na aina moja ya ndege mdogo wa kahawia aliyebaki hapo tu duniani, hawafiki hata 30. Mwaka 1968 kisiwa kikanunuliwa ili kumwokoa, msitu wa asili ukaachwa urudi, na leo ndege huyo amehamishiwa hata visiwa vingine. Ukitembea tazama matawi: kuna membe weupe wanaotaga yai moja juu ya tawi tupu, hakuna kiota wala majani.

Mambo madogo. Begi liwe laini, la kukunjika; sanduku gumu halina pa kuwekwa. Dawa ya kichefuchefu mnywe kabla hatujaondoka, si baada ya kuanza kuumwa. Maji ya kuoga yako kwenye tangi, tutayatumia kwa kipimo. Uliza kama ada za hifadhi zimo kwenye bei, maana mara nyingi hazimo. Viza hatuombi, lakini kibali cha kusafiri lazima kijazwe mtandaoni kabla ya kuondoka. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano uwe nayo mkononi. Na chumba: msikubali cha mbele kabisa kwenye ncha, hapo chombo hurushwa zaidi. Chukueni cha katikati, mimi na mdogo wangu tutalala nyuma.

Nijibu mawili tu. Tukodi chombo kizima sisi wanne, au tuchukue vyumba viwili na kuchanganyika na wageni wengine? Cha pili ni nafuu, lakini hapo ratiba si yetu, na La Digue yangu huenda ikawa usiku mmoja. Pili, shemeji likizo yake inaanza tarehe ngapi hasa? Vyombo vya Oktoba huwahiwa mapema, nami sitaki turudishwe Agosti.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu.

Wako akupendaye,
Mwanaidi