Safari ya Tanga Iwe ya Tanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu safari za jioni za kutazama jua likizama baharini, ambazo huuzwa pale Forodhani, mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Mwezi Julai nilimpeleka shangazi yangu na wanawe, waliotoka bara kuja kutusalimu, katika safari ya namna hiyo. Papasi, yaani mtu anayewatafutia wageni safari, alituahidi jahazi la tanga. Tulipopanda, injini iliwashwa, na tangu kuondoka hadi kurudi tanga lilibaki limefungwa kwenye foromali, mti unaolibeba, huku moshi wa dizeli ukitupiga usoni. Hilo ningelisamehe. Lililoniuma ni kwamba maboya ya kujiokolea yalikuwa yamefungwa kwa kamba chini ya mbao za mbele, na shangazi, ambaye hajui kuogelea, alipoomba moja aliambiwa kwamba bahari ni shwari.

Kwa hiyo nawasihi wasomaji wasichague chombo kwa picha wala kwa bei anayoitaja papasi, bali washuke pwani mapema, wakione chombo chenyewe na kuzungumza na nahodha. Wamwulize kama tanga litatwekwa, atachukua watu wangapi, na maboya yako wapi. Wamwulize pia habari za upepo, kwa maana hapo ndipo baharia hujulikana: wakati wa kusi, upepo utokao kusini, chombo kinachotoka Forodhani kuelekea kaskazini hukimbia bila taabu, lakini kurudi ni lazima kibishe, yaani kiende upande upande dhidi ya upepo, au kiwashe injini, na nahodha anayeijua kazi yake atawaeleza mapema atafanya lipi na watafika saa ngapi. Wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, mambo hugeuka.

Saa nayo si jambo dogo. Kwetu jua huzama baina ya saa 12:10 na 12:50 jioni, kwa kufuata majira, na giza huingia upesi. Chombo kisicho na taa hakifai kupandwa, hata kiwe kimepambwa vipi.

Sipingi injini, kwani dharura hutokea. Lakini majahazi yalifika Oman na Bara Hindi kwa pepo hizi hizi, na anayelipia tanga ana haki ya kuliona likitwekwa. Nawaomba wenye vyombo waandike ubaoni, kabla ya kupokea fedha, idadi ya abiria, saa ya kurudi, na kama siku hiyo watasafiri kwa tanga au kwa injini. Na kila abiria akabidhiwe boya lake kabla nanga haijang'olewa.

Msomaji wako,
Ng'ambo, Unguja