Barua kwa somo: ukishapiga nane

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Nimecheka uliposema ulitamani kuing'ata bunduki. Usiing'ate, haina kosa.

Tuje kwenye jambo lenyewe. Unasema mashindanoni ulikuwa unalenga vizuri, risasi moja ikaingia pete ya nane badala ya kumi, na tangu hapo akili ikaondoka moja kwa moja. Unaniuliza ufanyeje isiondoke tena. Hapo ndipo tunapopishana. Itaondoka. Risasi 60 ndani ya dakika 75, umesimama wima, bunduki ya upepo yenye uzito unaoweza kufika kilo 5.5, na ile kumi yenyewe ni kitone cha nusu milimita kilichoko mita 10 mbele yako. Nani ataituliza akili mahali pamoja muda wote huo? Hata hao unaowaona kama sanamu pale mstarini akili inawatoka. Ila wao wana njia ya kuirudisha, na wanairudisha kabla ya kufyatua tena.

Una ile karatasi inayotolewa na mashine ya alama? Ziache alama, soma saa. Kila risasi imeandikiwa muda wake. Nitashangaa sana nikiambiwa zilizofuata baada ya ile nane hazikukimbizana. Ndivyo tulivyo: mtu akiharibu anataka kufuta upesi, anainua bunduki pumzi haijakaa, anaisaka kumi ya kufidia, anaambulia tisa, hasira inapanda, anainua tena. Wakati ukipiga hesabu, kila risasi ina dakika moja na robo yake, na kazi halisi, tangu shavu lilipogusa kitako hadi kidole kumaliza, ni sehemu ndogo tu ya muda huo. Muda uliobaki ni wako, nawe unaumalizia kwenye skrini ukijumlisha na kutoa.

Kwa hiyo kwanza kabisa, jifunze kushusha bunduki. Umelenga sekunde saba, nane, na kidole bado kinasitasita? Shusha. Ukiendelea kung'ang'ania, jicho huanza kuona picha iliyokwisha kupita, hewa mwilini inapungua, na mtutu unaanza kucheza. Hakuna anayekuhesabia mara ulizoshusha. Najua wengine huona haya, eti waliokaa nyuma watasema huyu ameogopa. Waache waseme, hawajashika bunduki.

Sasa umeshusha. Hapa ndipo watu wengi hujiambia "tulia, tulia", na hilo neno silipendi hata kidogo. Mkumbuke Matthew Emmons, yule Mmarekani. Mwaka 2004 kwenye Olimpiki ya Athens alikuwa anaongoza fainali ya bunduki mita 50, mikao mitatu (kupiga magoti, kulala na kusimama), imebaki risasi moja. Hata risasi ya wastani ingempa dhahabu. Akaipiga shabaha ya jirani! Akaandikiwa sifuri, akaporomoka hadi nafasi ya nane. Baadaye alieleza kwamba kwa kawaida huitazama kwanza namba iliyo juu ya shabaha, ndipo anashuka kwenye duara. Safari hiyo alikuwa ameshughulika na kujituliza, namba hakuitazama. Utulivu wenyewe ndio uliomla muda wa kazi. (Katika michezo hiyohiyo, Mcheki mmoja mlengaji, Kateřina Kůrková, alikwenda kumpa pole, na baadaye wakaoana. Kwa hiyo hata shabaha ya jirani ina baraka zake.) Beijing mwaka 2008 risasi ya mwisho ikamponyoka tena, ikampa alama 4.4 tu, akawa wa nne. Mwaka 2012 alikuwa London, akachukua shaba kwenye mchuano uleule. Mimi huyo ndiye ninayemheshimu kuliko wengi wenye dhahabu.

Basi usiiamuru akili, upe mwili kazi. Mimi huanzia miguuni. Uzito uko kisiginoni au umehamia vidoleni? Kiwiko cha kushoto kimekaa juu ya mfupa wa nyonga, au nimeibeba bunduki kwa misuli bila kujijua? Nikishajibu hayo nainua, nalenga, nafumba macho, navuta pumzi na kuitoa taratibu, kisha nafumbua. Kama pete ya kulengea iliyo mbele ya mtutu imehama kutoka kwenye duara jeusi la shabaha, siivuti kwa mkono. Nasogeza mguu wa nyuma, upana wa kucha tu, na kujaribu tena. Mtu anayepima upana wa kucha kwa kisigino chake hana nafasi ya kuwaza alama. Na baina ya risasi, macho yapumzishe sakafuni au penye rangi iliyofifia. Usiyaache yakodolee ile taa ya shabaha.

Ikishindikana kabisa, toka. Kanuni inakuruhusu kwenda kuzungumza na kocha wako nyuma ya mstari, mradi bunduki haina risasi, imefunguliwa, kibendera cha usalama kimechomekwa kuonyesha mtutu ni mtupu, na msimamizi umemwarifu. Saa haisimami, lakini ukitumia dakika tatu kunywa maji na kusikia sauti ya mtu mwingine, bado unazo za kutosha. Nimeona watu wakirudi wakiwa wapya. Fainali ni habari nyingine, huko muda ni mfupi.

Kuna upande mwingine ambao hukuuandika, nao naona ni mbaya kuliko nane: kumi zikifuatana. Hapo mtu huanza kuzichunga kama mali ya yatima. Kidole kinakuwa kizito, kila risasi inataka kuwa kamili, na muda wa kulenga unarefuka bila mwenyewe kutambua. Dawa ni ileile, miguu na nyonga, ila kuinywa ni vigumu kwa sababu mwenyewe hujui kuwa unaumwa.

Halafu viatu. Umeandika juujuu tu, mstari mmoja, kwamba ulivaa vipya wiki ile ya mashindano. Nijibu hilo kabla ya mengine yote. Soli mpya ikikuinua hata kidogo, mkao mzima unabadilika na bunduki haielekei tena palepale ulipozoea. Huenda nusu ya lawama unayoibebesha akili yako ni ya viatu.

Wasalimie wote hapo. Nasubiri barua.

Wako,
Somo