Noti za Benki za Miji Midogo ya Marekani: Tafadhali Msizipige Pasi

Wateja wengi wanaotuletea noti za zamani za Marekani ili tuzithamini huuliza kwanza noti ni ya mwaka gani, ilhali swali lenye uzito zaidi ni la mji gani. Kuanzia 1863 hadi 1935, maelfu ya benki za nchi hiyo, nyingi zikiwa katika miji yenye mtaa mmoja tu wa maduka, ziliruhusiwa kutoa noti zenye majina yao, mradi ziweke hati fungani za serikali kuwa dhamana. Kila benki ilikuwa na nambari yake ya usajili, nayo ndiyo tunayoisoma mwanzo. Noti ya dola 10 ya toleo la 1929 kutoka benki kubwa ya Chicago haina uadimu wowote, lakini nyingine ya toleo hilohilo, yenye muhuri uleule wa kahawia, iliyotoka katika kimji cha Iowa ambacho noti zake zilizosalia ni za kuhesabu, yaweza kuizidi thamani mara nyingi hata ikiwa imechakaa.

Kinachotusikitisha ni usafi. Hivi karibuni mteja alituletea noti kubwa ya toleo la 1902, urithi wa familia ya mkewe, akiwa ameifua kwa sabuni na kuipiga pasi. Karatasi ilikuwa imelegea, na ule wino ulioinuka, ambao kidole huuhisi kinapopita juu ya noti isiyoguswa, ulikuwa umelala. Sahihi ya keshia, iliyoandikwa kwa kalamu ya wino na kufifia kama kawaida yake, ilikuwa imepitishwa upya kwa kalamu ya kisasa. Chini ya lenzi mstari wa buluu ulionekana ukienda sambamba na ule wa kale bila kuufunika. Alidhani ameiokoa. Tulilazimika kumweleza kwamba mnunuzi makini angependelea noti chafu yenye sahihi hafifu.

Kwa hiyo leteni noti jinsi mlivyoikuta, bila gundi wala utepe wa kunata, ndani ya bahasha angavu ya poliesta. Plastiki laini ya PVC huachia kemikali zinazoharibu karatasi. Kuitazama na kuwatajia benki iliyoitoa hatutozi. Wala msiitumie dukani: kisheria noti ya dola 10 bado ni dola 10, na muuzaji ataipokea kwa dola 10.