Simu nzima, vidole vibovu?

Mtwara,
14 Novemba 2024.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SIMU ISIYOSOMA ALAMA ZA VIDOLE VYANGU, NA INAYOSOMA ZA WENGINE

Husika na somo tajwa hapo juu.

Tarehe 3 Septemba mwaka huu nilinunua simu yenu dukani kwenu hapa Mtwara kwa shilingi 465,000 taslimu. Nakala ya risiti ya EFD nimeambatanisha. Muuzaji alinishika kwa jambo moja tu: sina haja ya kuhangaika na namba ya siri, nagusa kioo kwa kidole na simu inafunguka. Akajaribu kwa kidole chake, ikafunguka papo hapo. Changu hakukijaribu, na mimi sikumwomba. Hapo nakiri uzembe wangu.

Mimi ni mbanguaji wa korosho, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kama hamjawahi kukaa kwenye banda la kubangulia, niwaeleze kidogo. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Tunapaka majivu mikononi kabla ya kuanza, lakini kazi ikikolea majivu yanatoka na mafuta yanapita. Ncha za vidole zinababuka, ngozi inaota mpya, nayo inababuka tena. Dole gumba langu la kulia limelainika na kung'aa kama kete ya bao.

Kijana wangu, anayejifunza ufundi simu, ndiye aliyenifafanulia kinachotokea. Ukiweka kidole kwenye kioo cha simu hii, kioo kinawaka mwanga mkali chini ya kidole, na kijikamera kilichofichwa nyuma yake kinapiga picha ya mistari. Kwangu mistari imelika, kwa hiyo kinapiga picha ya ukuta uliopigwa lipu. Ikishindwa mara tano inanifungia na kuniambia nisubiri sekunde thelathini. Nasubiri, narudia, inagoma. Mwisho naingiza namba ya siri, ileile niliyoambiwa sitaihitaji.

Nimekuja dukani kwenu mara tatu. Mara ya kwanza nilielekezwa nioshe mikono. Mara ya pili nikaambiwa nisajili kidole kimoja mara mbili tatu, nikafanya, ikasoma siku mbili ikaacha. Mara ya tatu fundi wenu alinigeuza viganja kama anayekagua samaki, akasema mbele ya wateja: "Mama, simu ni nzima. Vidole vyako ndivyo vibovu."

Nataka neno hilo lifike mezani kwako kama lilivyo, ndugu Meneja, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike barua hii. Mwishoni mwa 2019, laini zilipokuwa zinasajiliwa upya kwa alama za vidole kabla hazijazimwa Januari 2020, nilikaa chini ya mwavuli wa wakala na kimashine chake kidogo. Dole gumba likagoma. Akalifuta kwa kitambaa chenye maji, likagoma tena. Akajaribu cha shahada, akajaribu cha kati, mpaka cha pete cha mkono wa kushoto kikakubali. Yule kijana hakuniambia nina vidole vibovu. Alikuwa na foleni ndefu kuliko yenu, na juani.

Sasa nije kwenye jambo zito zaidi. Siku hiyohiyo ya tatu, fundi wenu aliibandika simu protekta laini ya mpira kwa shilingi 10,000, akanisajili upya kidole juu yake. Ikasoma! Nilifurahi wiki nzima. Jumapili nikamkuta mjukuu wangu wa miaka tisa anacheza gemu kwenye simu niliyoifunga mwenyewe. Nikamwambia aifunge aifungue tena nione. Akaweka kidole chake, ikafunguka. Akaweka jirani, ikafunguka. Bando la shilingi 5,000 lilikuwa limeshanunuliwa kwa hela iliyo kwenye programu ya benki, ambayo nayo hufunguliwa kwa kidole hichohicho. Nashukuru ilikuwa bando tu.

Kijana wangu anasema jambo hili si geni. Oktoba 2019 Samsung walikiri kwamba Galaxy S10 ilikuwa inafunguka kwa kidole cha yeyote ikivikwa baadhi ya protekta za silikoni, kwa sababu simu ilikuwa inasoma michoro ya protekta na kuidhania alama ya kidole. Wakatoa apdeti mwezi uleule. Yaani kosa hilo linajulikana tangu miaka mitano iliyopita, na bado fundi wenu kanibandikia na pesa kachukua.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie shilingi 465,000 na zile 10,000 za protekta, au mnibadilishie kwa toleo lenu lenye kisoma vidole kwenye kitufe cha pembeni. La jirani yangu ni la hivyo na limesoma kidole changu cha pete mara nane kati ya kumi, tumehesabu. Protekta hizo ziondolewe dukani mpaka mzipime na simu zenu. Na wauzaji wenu wawe wanajaribu kidole cha mnunuzi kabla ya kutoa risiti, hasa huku kwetu, ambako sina hakika kama kuna nyumba isiyo na mtu anayeshika korosho, saruji au wavu.

Fundi wenu naye sitaki afukuzwe kazi. Aje tu bandani kwetu siku moja, abangue hata debe moja, kisha afungue simu yake.

Naomba jibu kwa maandishi. Mkilazimika kupiga, pigeni baada ya saa kumi na mbili jioni. Mchana mikono ina mafuta, na kupokea nako kwenye simu hii ni kutelezesha kidole.

Wako,
Mteja wenu, mbanguaji korosho.