Hadija, niangalizie mbaazi

Nkuhungu, Dodoma
13 Julai

Shoga yangu Hadija,

Mbukwa! Ukishaitikia, kaa chini, maana barua hii ndefu na ina mzigo ndani yake. Hiyo mifuko miwili mitupu aliyokupa kondakta si zawadi, usije ukaitia mkaa. Nitakueleza.

Kwanza unisamehe kwa ukimya. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya kudekia. Fundi akaifukia kwenye mchele siku nne, sasa ananiambia inataka kioo kipya. Mchele wenyewe nilitoa mimi. Huku hatujambo, ni upepo tu na baridi ya asubuhi, vumbi hadi ndani ya sufuria. Mama mguu umepona, anatembea mpaka kanisani na kurudi kulalamika. Na mlipotualika Idi ya kuchinja tukakaa kimya, usidhani ni dharau. Sababu ni mwanao Yohana.

Unamkumbuka yule beberu wetu, ambaye Yohana alimlea kwa chupa, akamwita Diwani kwa vile anapita kila nyumba na hakuna analofanya? Krismasi tulimchinja. Mtoto siku ile hakula. Jioni akanifuata jikoni: "Mama, kuanzia leo sili kitu kilichotoka kwa mnyama." Nikamwambia sawa, nikijua ni hasira za wiki moja. Hadija, huu ni mwezi wa saba. Na si nyama peke yake. Maziwa hataki, mayai hataki, samli hataki, dagaa ndiyo usiseme. Hata ile asali yenu, aliiangalia akasema nyuki nao wamehangaika.

Mvumi ndiko kulikuwa na kesi. Babu yake, yule mzee anayewajua ng'ombe wake kwa majina kuliko wajukuu, alimpa kibuyu cha maziwa ya mgando kwa mikono miwili. Kijana akasema asante babu, nitakunywa maji. Mzee alikaa kimya mpaka kuku wakaingia kulala. Halafu akaniuliza mimi, si yeye, kama mtoto amelogwa au amepata mchumba Msabato. Nikamwambia hakuna hata kimoja. Akasema bora ingekuwa kimoja kati ya hivyo, angejua dawa yake.

Basi mimi miezi ya mwanzo nilipika vyungu viwili. Upande huu mboga yetu, upande huu ya bwana mkubwa. Na kwa kuwa nilikuwa nadhani yatapita, sikununua kitu kwa mpango. Robo ya maharage kwa mangi, robo ya karanga, kipakiti cha nyama ya soya, kesho yake tena robo. Mwisho wa Mei nilijumlisha daftari la mangi, naona aibu hata kukuandikia jumla. Fikiria tu kwamba tulikuwa tunakula maharage kwa bei ya kuku. Baba Yohana alipoona daftari akasema basi na sisi wote tule chungu cha mtoto, yaishe. Alisema hivyo, lakini Jumamosi anarudi ananuka moshi wa mishikaki, nami sijaona kitu.

Tukakaa na Yohana kuandika orodha ya stoo. Ya kwanza aliitoa kwenye intaneti: maziwa ya lozi, jibini ya korosho, sijui kwinoa. Nikamuuliza, kwinoa pale soko la Majengo inauzwa upande wa vitunguu au upande wa viatu? Akacheka, tukachana karatasi. Nikamwambia andika stoo ya bibi yangu. Nikafumba macho nikaanza kuitembelea ile stoo kama nimo ndani. Uwele, mtama, karanga za maganda kwenye kirindo, kunde, choroko, njugu mawe, mbegu za maboga, mlenda wa kukausha uliosagwa, majani ya kunde makavu, ubuyu, ukwaju. Mtoto anaandika, mara akaacha kalamu akasema, "Mama, mbona bibi alikuwa kama mimi?" Nikamwambia bibi yako alikuwa na ng'ombe kumi na wawili, usimsingizie. Lakini, we Hadija, usiku nililala nalifikiria hilo. Kiangazi ng'ombe wakikauka maziwa, ile nyumba ilikaa miezi bila kitu cha mnyama, na nyama ilikuwa ya msiba na harusi. Hakuna aliyeita kikao cha ukoo.

Sasa hesabu. Tuko watano. Mikunde nusu kilo kwa siku, ndiyo inayotosha mchana na usiku bila watu kugombania mchuzi. Nusu kilo kwa siku 180, yaani miezi sita, ni kilo 90. Kilo tisini! Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea nukta. Tangu niolewe sijawahi kuwa na kilo tisini za chochote ndani, labda za baba Yohana. Na hapo ndipo nilipogundua ujinga wangu mwingine. Maharage ninayopigania kwa mangi yanatoka Kigoma, Mbeya, Manyara, yamepanda lori na kila mtu njiani ameongeza cha kwake. Ardhi yetu hii kavu inatoa kunde, choroko na njugu, na ninyi huko mna mbaazi, mimi nazipita kama sizioni kwa kuwa nimezoea maharage mekundu ya bwenini. Kwa hiyo nimegawa: maharage kilo 20 tu, ya hamu. Kunde 20 nimeshapata kwa mama mmoja wa Hombolo. Zilizobaki ni mbaazi na choroko, na hapo ndipo jina lako lilipoingia kwenye orodha.

Lakini ngoja nikwambie kinachoninyima usingizi, si bei. Ni wadudu. Mwaka juzi nilijifanya mjanja, nikanunua debe zima la kunde mwezi wa saba, nikaweka kwenye kiroba, nikafunga kwa kamba, nikajisifu kwa majirani. Januari nafungua, kiroba kinapumua. Kila punje ina dirisha. Chini unga mtupu, na wadudu wanatembea kama wenye nyumba. Nililia, na si kwa hela tu, ni ile kujisifu. Ndiyo maana hiyo mifuko. Inaitwa mifuko ya kinga njaa, ndani ina nailoni mbili nzito, nje kiroba. Unajaza ile nailoni ya ndani kabisa, unaikamua hewa yote, unaisokota shingo na kuikunja, unafunga kwa nguvu. Halafu ya pili nayo peke yake. Halafu kiroba. Wadudu waliomo wanakosa hewa wanakufa, huhitaji dawa hata kidogo. Ila nailoni isitoboke, na ukishafunga usifungue fungue kila siku kuchungulia kama unavyochungulia wali.

Na ziwe zimekauka kwelikweli. Mbichi ukizifungia humo unatengeneza ukungu. Bwana shamba mmoja alinifundisha kipimo cha chumvi, nawe nakufundisha: chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia punje, tia na chumvi kavu, funika, tikisa vizuri, iache kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, hazijakauka, mrudishie mwenyewe azianike. Ikidondoka chini yote, lipa. Utaonekana mchawi pale sokoni, vumilia.

Karanga ndizo zinanitisha zaidi, maana sasa zimekuwa ndiyo nyama ya nyumba hii: kwenye mlenda, kwenye mchicha, kwenye uji. Nazi huku inafika imechoka na bei yake imepanda treni, kwa hiyo hata pale ambapo mtu wa Pwani angetia tui, mimi natia karanga. Na hujasahau ule mwaka wa 2016, sumukuvu, ile sumu ya ukungu, ilivyoua watu 20 huku kwetu Dodoma na Manyara. Ile ilikuwa mahindi, lakini karanga nazo ndimo inamopenda kukaa, na hata uzipike vipi haiondoki. Nimekataa karanga zilizobanguliwa za sokoni, kwa sababu wengine wanaloweka maganda ili yabanguke upesi, na maji yale ndiyo yanayoita ukungu. Nimenunua za maganda, gunia moja, nimeziweka juu ya chaga mbali na ukuta. Kila Jumapili jioni tunakaa kubangua za wiki hiyo tu. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyopasuka, yenye ukungu, inatupwa, wala kuku hapewi. Mama anaumia kuona karanga zinatupwa. Nimemwambia mama, hizi ndizo zile wauzaji wanazozisaga, zikawa unga huna unalojua. Kusaga nasaga kidogo kidogo, ukisaga nyingi zinachacha.

Mengine hayana maneno. Mafuta ya alizeti dumu la lita 20 kwa wale wakamuaji, nimeliweka gizani. Unga wa uwele na wa dona nasagisha wa wiki mbili. Nyanya kavu, vitunguu, tangawizi, magadi, chumvi. Mboga za majani nanunua gengeni fungu fungu, hizo huwezi kuziweka. Vidonge vya mchuzi nimeviondoa jikoni, Yohana alisoma karatasi akamkuta kuku ndani. Na maandazi ya mama Glori yana maziwa, siku hizi tunakaanga yetu, natia maji na iliki, hakuna aliyelalamika isipokuwa mama Glori.

Ah, na zahanati. Nilimpeleka apimwe damu maana niliogopa, yuko mrefu kama mlingoti. Damu ipo ya kutosha. Lakini nesi akanikalisha akaniambia kuna vitamini moja, B12, haimo kwenye mimea, hata ale shamba zima hataipata. Mwili unaweza kukaa na akiba yake hata miaka, halafu ikiisha inaharibu damu na mishipa ya fahamu. Kwa hiyo anameza vidonge, tena avimeze kweli, siyo anifiche. Hilo bibi hakulihitaji, alikuwa na maziwa yake, nimelikubali. Akasema pia chai tusinywe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma, badala yake tukamulie limau au tunywe ubuyu. Chai kuiondoa mezani kwa baba Yohana, hiyo ni kesi nyingine, sijaifungua.

Sasa ombi, lisipotee katikati ya maneno. Nataka madebe mawili ya mbaazi kwenye mfuko mmoja, na debe moja la choroko kwenye mfuko wa pili. Na ufuta sado mbili, huo utie kwenye kitu chochote kikavu. Nunua kwa mkulima, usinunue kwa yule shemeji yako mwenye mizani inayokohoa. Mwulize kama alishazipiga dawa. Akisema ndiyo, achana naye. Chukua chupa yako ya chumvi. Ukifunga, funga kwa raba, kamba ya katani inakata nailoni. Pesa baba Yohana atakurushia kwenye namba yako ya zamani, nijulishe kwake jumla na nauli ya mzigo, na usinidanganye kwa kupunguza kama ulivyofanya kwa mashuka. Mimi nitasimama stendi mwenyewe kupokea, sitaki kondakta aikalie.

Lakini mbaazi zenyewe zimeshakauka huko, au bado? Mvua zilivyokatika mapema kuna cha kuvuna kweli? Au ningoje mwezi wa nane bei ishuke? Wewe mbaazi unazipikaje zisibaki na ule uchungu, unamwaga maji ya kwanza au ni mimi tu sijui? Na choroko, bado mnazipika na mchele ule mseto wa mama yako? Mama mwenyewe hajambo, macho walimfanyia? Zuhura ameshapeleka barua ya uhamisho au anamsikiliza yule mwalimu mkuu? Na Mwalimu Chilongani, ni kweli ameuza pikipiki au aliipoteza kwenye lile jambo? Mchezo wetu wa upatu wa mwezi wa tano nani alipokea, maana jina langu silisikii? Na hivi nikija na Yohana mwezi wa tisa, dada zako watamwacha ale kwa amani, au nije na sufuria yangu?

Kondakta ameanza kupiga honi.

Wako,
Mama Yohana

Nyongeza: Asali usiache kutuma. Mimi nakula.