Mhariri, baiskeli haili majani

Ndugu Mhariri, salamu kutoka Tabora. Nakuandikia nimekaa upande upande kwenye kiti maana siti ya baiskeli imenifanya kitu mbaya, nitafika huko.

Mimi ni mama wa miaka 54, nina steshenari yangu ndogo hapa Cheyo, kazi yangu toka asubuhi ni kukaa, kutoa kopi, kukaa, kupiga laminesheni, kukaa tena, na chapati za jirani zinapita mlangoni saa nne kamili kila siku ya Mungu. Mwezi wa sita nikaenda kupima presha ikasoma 158 kwa 96, nesi akanitazama, akahamia mkono wa pili, ikawa hivyohivyo. Daktari wenyewe kijana, angeweza kuwa mwanangu wa pili, akasema mama dawa nakuandikia lakini na mwili uusogeze, angalau dakika 150 kwa wiki, hata Shirika la Afya Duniani ndivyo linavyosema kwa mtu mzima. Nikamwambia baba, magoti haya hata sokoni yananifikisha kwa kubembelezwa. Akasema basi panda baiskeli, uzito unakaa kwenye siti, goti linazunguka tu. Nikacheka mpaka nikajifuta machozi kwa kanga.

Ila ukifikiria, kama kuna mji wa baiskeli si ndio huu wetu? Ardhi imelala tambarare, milima ya kukutoa roho hakuna, na toka niko mdogo nimeona kwenye karia kila kitu, mkaa, kuku wamening'inizwa miguu juu, madumu ya asali, mgonjwa kafungwa kwa kanga asianguke, mpaka bi harusi. Na hakuna anayeshangaa. Sasa ngoja mama mtu mzima apande bila mzigo wowote, anaenda taratibu, anaangalia miti, mtaa mzima unashika kiuno. "Mama, gari limeharibika?" Gari lenyewe sijawahi kuwa nalo. Wengine wakapitisha kwamba steshenari imekufa, mteja mmoja akaja kulipa deni la miezi minne, nadhani ni huruma, mi nikapokea.

Baiskeli nimenunua mtumba kutoka Japani, ile ya kike isiyo na mtalimbo katikati, ina kikapu mbele na kengele inayolia vizuri. Wiki ya kwanza magoti yakauma kuliko mwanzo nikataka kuiuza, kumbe siti nilikuwa nimeishusha chini kabisa ili miguu yote ikanyage ardhi, woga tu. Fundi akanikalisha, akaniambia weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini, mguu unyooke wote, hapo ndio siti yako. Akaipandisha kama vidole vinne. Mhariri, ilikuwa kama nimebadilishiwa magoti! Watu wengi nawaona wanaendesha wamejikunja kama wamekaa kwenye kigoda halafu wanasema baiskeli inaumiza.

Na mimi sikimbizani na mtu. Daktari alinipa kipimo, kwamba mwendo mzuri ni ule unaweza kuongea lakini kuimba huwezi, basi mjukuu wangu wa miaka tisa anakuja pembeni na kibaiskeli chake ananiambia bibi imba, nikianza pambio naishia mstari wa kwanza pumzi imekata, anasema sawa bibi tuko vizuri, twende. Huyo ndio kocha wangu.

Sasa malalamiko yenyewe. Hapa mjini kuna bustani moja ya mapumziko, jina nitaliacha, ina kinjia kizuri kinazunguka chini ya miti, hakuna lori, vumbi kidogo, mzunguko mmoja mimi nautumia dakika nne hivi. Tukawa tunaenda Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu hakuna, ni sisi na kunguru na wazee wawili wanaotembea mikono nyuma. Jumamosi mbili raha mustarehe. Ya tatu mlinzi akaja, kijana mwenye adabu zake, shikamoo mama, marahaba baba, samahani mama baiskeli haziruhusiwi humu. Toka lini? Ni maelekezo mama. Ya nani? Ya juu. Nikageuka nikaona pikapu imepaki katikati ya majani kabisa, tairi zimechimba, nikauliza na ile je? Akasema ile ya watu wa sherehe, wanashusha viti. Mjukuu wangu akauliza kwa sauti, "Bibi, kwani baiskeli inakula majani?" Mlinzi akacheka akaangalia pembeni, maskini, hata yeye aliona, lakini kazi ni kazi. Akatupa ruhusa ya kuisukuma. Nimeamka saa kumi na moja kusukuma baiskeli?

Basi tukatoka barabarani, na barabarani unajua ilivyo, bodaboda anakupigia honi kwenye sikio, bajaji inakata mbele yako kushusha abiria, lori likipita vumbi la kiangazi hiki linaingia mpaka kwenye meno. Mtoto nikamrudisha nyumbani. Mimi kwa hasira nikasema leo nakwenda Kwihara, kule kijijini nje ya mji.

Kwihara kwa mwendo wangu na vituo vyangu ilikuwa saa nzima kwenda, lakini njia jamani, miembe ile mikubwa ya zamani, saa hizi ndio kwanza inatoa maua, unapita kivulini unasikia nyuki tu. Nikajisahau. Dera langu likaingia kwenye cheni, nikahisi kama mtu kanikamata nguo kwa nyuma, baiskeli ikagoma nikashuka ubavu ubavu kama gunia la karanga. Nikavuta, likazidi kuingia. Akatokea baba mmoja na magunia yake mawili ya mkaa nyuma, akasimama, mwangaluka mama, akaegemeza baiskeli yake kwa fimbo, hakuvuta hata kidogo, akazungusha pedali kinyumenyume pole pole na kitambaa kikarudi chenyewe kidogo kidogo, kina grisi nyeusi mpaka leo haijatoka. Kisha akatoa mfukoni kipande cha tyubu kuukuu akanifundisha kukusanya dera na kulifunga juu ya kifundo cha mguu. Nikamuuliza nikulipe nini, akasema niombee tu hii pancha ya nyuma ifike mjini.

Nikafika Tembe la Livingstone, ile nyumba ya udongo aliyokaa yule mpelelezi Mzungu, nikakaa kivulini. Yule mzee alikaa pale mwaka 1872, toka Februari mpaka mwezi wa nane, mwenzake Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, akatangulia pwani na yeye akabaki anasubiri wapagazi watumwe, na waliotumwa walikuja kwa miguu, pwani mpaka hapa. Na babu zetu wa Kinyamwezi ndio walikuwa mabingwa wa kazi hiyo, pembe za ndovu begani mpaka Bagamoyo. Mimi nimekaa hapo nasikilizia makalio, najiona shujaa kwa kutoka Cheyo.

Mhariri, ombi langu dogo. Wanaosimamia zile bustani za mjini watupe wenye baiskeli saa moja na nusu tu, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa moja na nusu asubuhi, kabla ya watoto na watu wa picha za harusi hawajaingia. Kwenye kile kinjia tu, majani hatuyagusi, anayekimbiza atolewe, mimi mwenyewe nitamtoa. Haihitaji bajeti, haihitaji mkandarasi, ni kubadilisha maneno kwenye kibao. Maana Kwihara siwezi kila wiki, na barabarani na mtoto siendi tena, na najua wako kina mama wenzangu wa maofisini na sokoni presha zimewajaa, wamenifuata dukani kwa siri kuuliza baiskeli nilipata wapi, wanaogopa macho ya watu na wanaogopa magari, macho ya watu tutayazoea ila magari hapana.

Dawa sijaacha, asije mtu akasema mama wa Tabora kasema tuache dawa. Lakini juzi presha imesoma 142 kwa 88, yule daktari kijana akaniuliza nimefanya nini, nikamwonyesha lile doa la grisi.

Jumamosi nitakuwa getini saa kumi na mbili na nusu kama kawaida. Yule mlinzi nimemwambia, kasema atauliza.

Mama wa Steshenari,
Cheyo, Tabora.