Namba moja wa nini, Mhariri?

Mhariri, salamu kwako na kwa wote hapo chumba cha habari. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, kazi yangu fundi simu, na barua hii naiandika vidole vikiwa bado vinanata gundi ya betri. Nimesoma ile habari yenu ya soko la simu janja la India, ile yenye jedwali la nani wa kwanza, nani wa pili, nani kaporomoka, nikarudia mara mbili nikidhani labda nimeruka aya, kumbe ndo imeishia hapo hapo. Imekaa kama msimamo wa ligi. Sasa swali langu ni moja tu, huyo namba moja ni namba moja wa nini?

Mana hizo takwimu, kwa asiyejua, sio hesabu ya simu zilizonunuliwa na watu. Kampuni za utafiti kama IDC na Canalys zinahesabu mzigo uliosafirishwa, yani simu ikishatoka kwa mtengenezaji kwenda kwa msambazaji imeshahesabiwa, hata kama itakaa kwenye kabati la muuza duka ikila vumbi mpaka modeli mpya itoke. Na wanaohesabu wenyewe huwa hawakubaliani. Mwanzoni mwa 2015 Canalys walisema Micromax, kampuni ya Wahindi wenyewe kutoka Gurgaon, imeipita Samsung robo ya mwisho ya 2014, Samsung wakaja juu na takwimu za GfK, kampuni nyingine ya utafiti, kwamba wao bado wako kileleni. Miaka mitatu baadaye, Januari 2018, sinema ileile, safari hii Xiaomi ndo imeipita Samsung, na Samsung wakarudi tena na GfK wao. GfK wanaangalia kinachouzwa dukani kwa mteja, wenzao wanaangalia mzigo, kwaiyo kila mtu alikuwa na namba moja yake na hakuna aliyedanganya. Alafu kuna hesabu ya tatu. 2024 Vivo ndo waliongoza kwa idadi, lakini ukihesabu pesa badala ya simu, waliokaa juu pale ni Apple na Samsung. Hilo mlilisema kwa sentensi moja chini kabisa, karibu na tangazo la magodoro.

Hao Micromax nao mliwapitia haraka mno, mmesema tu "walishindwa na Wachina". Sio hivyo tu jamani. Micromax walianza kuuza simu 2008, na simu yao ya kwanza iliyowatoa, X1i, sifa yake kubwa ilikuwa kukaa na chaji siku 30 ikiwa haitumiki, kwa sababu kuna vijiji umeme ulikuwa ukija unapiga hodi na kuondoka. Waliwajua wateja wao. Kilichowaua ni mtandao. Tarehe 5 Septemba 2016 Reliance Jio, kampuni ya mtandao wa simu kulekule India, wakawasha 4G nchi nzima, data ya bure mpaka mwisho wa Machi 2017, na mtandao wenyewe hauna 2G wala 3G, hata kupiga simu ya kawaida inapita kwenye 4G. Sasa wewe una stoo imejaa simu za 3G, utamuuzia nani? Wachina kama Xiaomi walikuwa tayari na 4G ya bei ya chini, wakaingia mlango ukiwa wazi. Kwaiyo aliyeamua mchezo wa watengeneza simu hakuwa mtengeneza simu, alikuwa muuza bando. Kwangu mimi hiyo ndo ilikuwa habari, mkaiacha.

Sasa tuje kwenye majina. Jedwali lenu lina Xiaomi, Poco, Vivo, iQOO, Oppo, Realme, OnePlus, msomaji anaona ushindani mkali huo, majina saba. Haya, Poco imezaliwa ndani ya Xiaomi, na Poco X2 iliyoletwa India Februari 2020 ni Redmi K30 ya Xiaomi haohao iliyokuwa inauzwa China tayari, wamebadilisha jina. iQOO ni ya Vivo. Realme ilianza India Mei 2018 ikiwa chini ya Oppo, na Oppo, Vivo na OnePlus wote ukichimba mizizi unafika kwenye kampuni moja ya zamani, BBK. Wanashindana kweli, sikatai, ndugu nao hugombana sana tena kwa kelele, ila kusema mteja ana machaguo saba ni kumdanganya. Mi nalijua hili sio kwa kusoma, nalijua kwa kufungua. Unaondoa kava la simu yenye jina hili unakuta bodi umeshaiona jana kwenye simu ya jina lile, skrubu zimekaa palepale. Ila ukitaka kioo hakiingiliani, wamesogeza tu tundu la kamera au mkia wa waya umegeukia upande wa pili.

Na bei. Mmesifia sana vita ya bei, na kweli ilikuwa vita. Xiaomi waliingia India Julai 2014 na Mi 3 kwa rupia 13,999, wanauza mtandaoni tu kupitia Flipkart, mzigo unafunguliwa saa fulani na unaisha ndani ya sekunde, mpaka watu wanapigana vibao na intaneti zao. Samsung wakachelewa kuamka, mpaka Januari 2019 ndo wakaleta Galaxy M10 kwa rupia 7,990, nao wakaanza na mtandaoni. Mteja kafaidi? Siku ya kununua, ndiyo, tena sana. Lakini jiulizeni hiyo bei inafidiwa wapi. 2018 Xiaomi waliahidi hadharani kwamba faida yao kwenye vifaa haitazidi asilimia 5. Wengi walipiga makofi. Mi nilijiuliza, mfanyabiashara gani anatangaza kwamba faida yake ni ndogo, kama hana mfuko mwingine? Mfuko mwingine ni huduma za mtandaoni, na ndani yake kuna matangazo. Yani umenunua simu, alafu na wewe ukauzwa. Na sio wao peke yao, karibu kila anayepigana chini kwenye bei kajifunza ujanja huohuo.

Wiki iliyopita kijana kaniletea simu, jina la kampuni nalihifadhi, ina miaka miwili na kitu. Kioo kizima, chaji inaingia vizuri, spika inalia. Namuuliza tatizo nini, ananiambia, "Fundi, imechoka." Nikaiwasha. Kabla sijafika popote tangazo la mchezo wa karata likaruka skrini nzima, nikalifunga, nikafungua kikokotoo, tangazo lingine chini ya kikokotoo. Kikokotoo! Storeji imejaa, nusu ya kilichoijaza ni programu zilizokuja nayo toka kiwandani na haziondoki, ukibonyeza inakuambia unaweza "kuzima" tu. App yake ya benki imegoma kufunguka kwa sababu mfumo wa simu ni wa zamani, na ukitafuta apudeti simu inajibu kwa furaha kabisa kwamba iko kwenye toleo jipya kuliko yote. Simu haina ugonjwa. Kampuni imeiacha tu, ikahamia kwenye modeli nyingine.

Nikambadilishia betri angalau, na hapo pia kuna hadithi. Zamani betri ulikuwa unafungua kwa kucha. Sasa hivi unapasha mgongo wa simu moto, unapitisha kadi nyembamba pembeni polepole, ukifika ndani unadondosha spiriti chini ya betri unasubiri gundi ilegee, na ukiwa na haraka ukaikunja au ukaitoboa, moshi wake kila mtu karibu nawe atauhama. Kazi ya dakika mbili imekuwa ya saa nzima, na huyo mteja saa nzima nitamtoza, ataona mimi ndo mwizi.

Kwaiyo ndugu zangu, ushindani upo, ila upo rafuni. Kamera megapikseli ngapi, chaji ya haraka wati ngapi, boksi linafunguliwaje. Nani anashindana kwa miaka ya apudeti? Google na Samsung ndo wametangaza miaka 7, Google kwa Pixel 8 Oktoba 2023 na Samsung kwa Galaxy S24 Januari 2024, lakini hizo ni simu za wenye nazo. Kule chini ambako watu wengi wananunua, hapo wengi bado wako kimya. Ulaya hawakusubiri kampuni zijisikie vizuri, toka tarehe 20 Juni 2025 Umoja wa Ulaya umelazimisha simu zinazoingia sokoni zipate apudeti za mfumo angalau miaka 5 baada ya kuacha kuuzwa na spea muhimu zipatikane miaka 7. Na India hiyohiyo mliyoiandika, Julai 2022 serikali iliunda kamati ya haki ya mteja kutengenezewa vitu vikiharibika, na simu zimo. Hilo kwenye ukurasa wenu sikuliona, niliona tu nani kapanda kwa pointi ngapi.

Mi sisemi muache jedwali, watu wanalipenda, hata hapa kwangu vijana wamelibishania mpaka chai ikapoa. Naomba muongeze safu tatu tu. Moja, kila jina ni la nyumba gani. Ya pili, simu yake ya bei ya chini kabisa inapata apudeti miaka mingapi, na kama kampuni haijasema, andikeni "haijasema", hiyo nayo ni habari. Ya tatu, kama kampuni inauza spea kwa fundi yeyote au kwa mawakala wake tu. Mkikwama kwenye hiyo ya tatu mnitafute, nina droo nzima ya simu zinazosubiri vioo, ikiwemo ya bosi mmoja wa gazeti ambaye ananipigia kila asubuhi kuuliza imefikia wapi.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi simu